Mashine Iliyosikia Shukrani Zetu

Kabla kaunti haijaleta mashine ya kusikiliza wananchi, tulikuwa tukisikilizwa na watu, na matokeo yake yanajulikana. Mtu alikaa mbele barazani, akaandika tulichosema, akakunja karatasi zake, akapanda gari lenye kiyoyozi, na hatukumwona tena mpaka baraza jingine. Kwa hivyo tulipotangaziwa kwamba sasa maoni yetu yatasikilizwa na akili bandia, hapa Kaloleni hakuna aliyeshtuka. Wengi wetu tulidhani ni ile ile ya siku zote, ila sasa wameamua kuiita kwa jina lake.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwasaidia akina mama wa sokoni kutuma maoni yao. Sifa zangu zilikuwa nyingi. Nilimaliza kidato cha nne wakati ambapo kumaliza kidato cha nne kulichinjiwa mbuzi. Nilikuwa karani wa stesheni ya reli hapa Voi hadi nikastaafu. Nina simu ambayo kioo chake hakijapasuka. Na zaidi ya yote, jambo lililoniponza, najulikana mtaani kwa kusema vizuri mbele ya watu. Kukiwa na mahari, huniita. Kukiwa na matanga, huniita. Mwalimu mkuu akitaka wazazi wakubali jambo ambalo hakuna mzazi mwenye akili timamu angelikubali, huniita mimi nilianze.

Suala lenyewe lilikuwa soko jipya. Siwezi kusema kwamba soko la zamani lilikuwa la kusifiwa. Lilikuwa kona tu ya barabara, chini ya mwarobaini mmoja, ambapo pikapu za kutoka milimani hushusha mboga alfajiri, na akina mama hutandika magunia na kupanga mafungu yao. Vumbi la Voi mnalijua. Mnunuzi alikuwa akinunua sukuma wiki na sehemu ya barabara. Mke wangu ameuza mboga na ndizi kwenye kona ile tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na hakuna siku aliyoisifia.

Kaunti ikajenga soko la kisasa, jengo la gorofa moja, lenye mabati mekundu na vyoo vinavyofungwa kwa kufuli ili visichafuke. Mchoro wake ulibandikwa kwenye ofisi ya wadi. Ulionyesha watu wanaotabasamu wakipanda ngazi, na hakuna hata mmoja wao aliyebeba kitu. Chini yake iliandikwa mpango: chini kutakuwa na maduka, juu kutakuwa na mboga, matunda na vyakula vingine.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, nalo lilikuwa moja tu. Akina mama hawakulikataa soko. Walizikataa ngazi. Mtu aliyetoka kazini jioni, ameshuka kwenye boda, anataka fungu la mchicha aende kupika. Hatapanda gorofani kutafuta mchicha kama anayetafuta wakili. Na hata angepanda yeye, mke wangu asingeweza. Goti lake la kulia liliharibika siku nyingi. Limeliwa na milima ya kwao, kwa kushuka na mizigo tangu utotoni, na sasa hata kizingiti cha kanisa hukikaribia kwa heshima. Ile meza ya mboga ndiyo kazi yake. Pia ndiyo sababu yake ya kutoka nyumbani, kwa kuwa nyumbani nipo mimi.

Afisa wa kaunti alikuja kutufunza katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa msichana mpole, wa rika la mjukuu wangu mkubwa, mwenye kompyuta begani na viatu vya ofisini ambavyo vumbi letu lilishavikaribisha. Alitueleza kwa subira.

“Mnatuma ujumbe wa sauti kwa namba hii. Mfumo unasikiliza kila ujumbe, halafu unapanga nani anakubali, nani anakataa, na shida kubwa ni gani.”

“Unasikia Kiswahili?” nikauliza, kwa niaba ya umma.

“Inasikia, mzee. Kizungu pia. Kidawida chenu cha milimani bado inajifunza.”

“Na Kiluhya?” akauliza kutoka nyuma mama wa omena, yule muuza dagaa wa ziwani.

“Kiluhya bado, mama.”

“Basi haijatembea.”

Ukumbi ukacheka. Huyu mama wa omena alikuja huku na mumewe miaka mingi iliyopita, mume akitafuta kazi kwenye mashamba ya katani. Mume alishafariki, yeye akabaki, na pale konani gunia lake la omena na la mke wangu yaligusana pembe. Ni mtu wa kusema neno likiwa bado linatoka moshi. Mimi nilimheshimu sana, kwa namna ambayo mtu huheshimu sufuria iliyo jikoni.

Wiki ile niliwaita akina mama kwangu, chini ya kile kibanda cha mabati ninachokiita sebule ya nje, tufanye mazoezi. Nilitaka Kaloleni isikike vizuri. Nilijua Bomeni na kwingine huko Taveta nao walikuwa wanatuma maoni yao kuhusu mambo yao, na sikutaka mashine ituone sisi wa Voi kama watu wasiofunzwa nyumbani.

Ni lazima nieleze jinsi tulivyolelewa. Kwetu milimani mtu hasimami mbele ya wakubwa akaanza na shida, kama mtu anayedai. Kwanza unasalimu. Halafu unamshukuru Mungu kwa kukufikisha. Halafu unamshukuru mwenyeji, hata kama hajakupa kiti. Unazunguka kidogo. Jambo zito hulitaji mpaka mwisho, tena kwa jina dogo. Baba yangu aliwahi kwenda kwa jirani ambaye ng'ombe wake walikuwa wamemaliza shamba letu la mahindi. Wakaongea habari ya mvua. Wakaongea habari ya watoto, ya mchungaji mpya, ya daraja lililobomoka. Baba alipokuwa ameshainuka kuaga, akasema, “Kuna jambo dogo tu. Nimeona ng'ombe fulani shambani, sijui kama ni wako au ni macho yangu.” Jirani hakumaliza kumsindikiza. Alikwenda moja kwa moja kufunga ng'ombe zizini, na jioni mke wake alikuja kwetu na gunia la mahindi kichwani. Jirani yule hakuwa na mfumo wowote. Alikuwa na masikio, na alijua kwamba Mdawida akisema jambo ni dogo, ukimbie.

Basi nikawafunza hivyo. Mke wangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wao, angesema kwa niaba ya wote. Wengine wangemuunga mkono kwa maneno machache, kwa sababu kurudia aliyoyasema mkubwa wako ni kama kusema hakuyasema vizuri.

“Nisiseme habari ya goti?” mke wangu akauliza.

“Goti si la kusema na serikali.”

“Na kwamba mboga itakauka huko juu?”

“Watajua wenyewe. Ukitaja ngazi, mengine yote yamo humo.”

Aliniangalia. Tumeoana muda mrefu kiasi kwamba macho yake yana sentensi kamili. Lakini siku ile mimi ndiye nilikuwa mtaalamu, na mtaalamu hasomi macho ya mtu.

Ujumbe wake naukumbuka wote, kwa kuwa nusu niliutunga mimi. “Hamjambo huko mliko. Kwanza namshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili naishukuru kaunti yetu kwa kutukumbuka sisi akina mama, na kwa soko zuri ambalo hatukulitegemea. Asanteni sana, na msichoke. Mwisho kuna jambo dogo tu, ni hizo ngazi, mkipata nafasi mziangalie. Ni hayo tu. Mungu awazidishie.”

Nilikaribia kupiga makofi. Jirani yule wa baba angelifunga ng'ombe wa kijiji kizima.

Wakafuata wengine, mmoja mmoja, simu ikipita mkononi kama sahani ya sadaka. “Mimi sina la kuongeza, mama amesema yote, asanteni.” “Nami ni hivyo hivyo, mbarikiwe.” “Tunashukuru kwa kutukumbuka.” Ikafika kwa mama wa omena. Hakusalimu mtu.

“Sisi hatupandi huko juu,” akaiambia simu. “Huyu mama jirani yangu ana goti bovu. Mnunuzi hawezi kupanda ngazi kwa sababu ya omena. Mkitupeleka juu, bidhaa itaoza, na mtakuja kuila nyinyi.”

Nilimnyang'anya simu kabla hajatuma. Nikaifuta ile sauti.

“Mama, hapo umetukana.”

“Nimetukana nani?”

“Hujamtukana mtu. Lakini umesema kama mtu anayetukana.”

“Nimesema ngazi.”

“Umesema ngazi mwanzoni, mama. Hata hujawasalimu. Watasema soko la Kaloleni limejaa watu wa fujo.”

Akina mama wengine walicheka, na nadhani walicheka kwa upande wangu. Mama wa omena akachukua simu, akasema kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa shairi: “Hamjambo. Nashukuru kwa soko. Mama amesema yote. Mbarikiwe.” Akanirudishia simu yangu.

“Sasa hata mimi sijui kama nimekataa,” akasema.

Hilo nililiona kuwa mzaha mzuri. Niliwasimulia hata wazee wenzangu.

Siku ya kusomewa matokeo, tulikusanyika tena kanisani. Afisa aliwasha chombo chake, na ukutani, pale pale panapowekwa maneno ya nyimbo Jumapili, likatokea duara. Karibu duara lote lilikuwa kijani. Palikuwa na kipande chembamba cha njano, na nyekundu kidogo kama ukucha. Kijani, tukaambiwa, ni kuridhika. Halafu ukaja ukurasa wa maneno, na afisa akausoma kwa sauti, akiwa na furaha ya kweli, kama muuguzi anayeleta habari njema.

Wafanyabiashara wa mboga wa Kaloleni, mashine ilikuwa imeandika, wameonyesha shukrani nyingi. Ni kundi lililoridhika zaidi kati ya makundi yote. Wanaunga mkono mradi kwa kauli moja. Wametaja suala moja dogo: ngazi.

Suala dogo. Tulikuwa tumeliita hivyo wenyewe, na mashine ni kitu kitiifu.

Vijana wa simu na wa mitumba, ambao mpango ulikuwa haujaamua wakae upande gani, walikuwa wametuma ujumbe wao bila mafunzo yangu. Afisa alitusomea walichosema. “Tunataka chini. Juu hatuendi.” Hilo liliwekwa chini ya masuala makubwa, na kaunti, kwa kuwa ni serikali inayosikiliza, ilikuwa tayari imelitekeleza. Wangekaa chini wote. Mboga ingepanda juu, kwa ridhaa yake.

Mchungaji akatuombea. Katika maombi yake alimshukuru Mungu kwa teknolojia.

Tulirudi nyumbani. Mke wangu huniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, baba wa fulani, na hivyo ndivyo ameniita maisha yote. Jioni ile aliweka chakula mezani na kusema, “Mwenyekiti, karibu.” Nikajua nimekwisha. Kesho yake asubuhi nilikuwa mwenyekiti. Jumapili nilikuwa mwenyekiti mbele ya wajukuu. “Mpelekeeni mwenyekiti chai. Muulizeni kama imeshukuriwa vya kutosha.”

Nilikwenda ofisi ya wadi. Afisa alikuwepo, akanipa kiti na maji, na hilo ni zaidi ya nilivyozoea katika ofisi za umma. Nikaanza, kama nilivyozoea, kwa kumshukuru. Nilimshukuru kwa muda mrefu. Nilipofika kwenye ngazi, alikuwa ameshageuza kompyuta yake ili nione.

“Mfumo haukukosea, mzee. Umeandika mlichosema. Ngazi iko hapa, ona.”

“Lakini sivyo tulivyomaanisha.”

“Hiyo ndiyo shida, mzee. Hauwezi kujua mlichomaanisha kama hamkusema.”

“Wewe uliusikiliza ujumbe wa mke wangu? Kwa masikio yako?”

Alisita. Nampa heshima kwa kusita. “Zilikuwa nyingi sana, mzee. Ndiyo maana kukawa na mfumo.”

“Ungeusikiliza ungejua?”

Akaufungua. Tukausikiliza pamoja, sauti ya mke wangu ikijaza kile chumba kidogo kwa asante na mbarikiwe. Mwisho ukafika, ngazi ikapita kama mtu anayepita mlangoni kwa haraka asionekane. Msichana aliinua mabega.

“Anaonekana amefurahi,” akasema.

Hakuwa wa milimani. Nadhani alikulia mjini, na shule zake zilimfunza kusema jambo kubwa kwanza. Kwa hiyo hata masikio ya binadamu yasingetuokoa, na hapo nikapoteza kisingizio changu cha mwisho, maana nilikuwa nimekuja pale kuilaumu kompyuta. Nikamwambia basi kulikuwa na ujumbe mwingine, wa mama wa omena, uliosema kila kitu waziwazi, ila ulifutwa.

“Ulifutwa na nani?”

“Na mimi.”

“Kabla ya kutumwa?”

“Kabla.”

“Basi huo mfumo hauna, mzee.” Na muda wa maoni, akaniambia kwa upole, ulishafungwa.

Tulihamia soko jipya baada ya sikukuu. Kulikuwa na utepe, hotuba na kwaya. Baada ya hapo kulikuwa na ngazi. Huko juu meza zilikuwa nzuri, za saruji laini, na mabati yalikuwa karibu na kichwa kiasi kwamba mchana wa Voi ulikuwa unaishi nasi. Sukuma ilianza kuiva kabla haijanunuliwa. Ndizi za kupika ziligeuka kuwa mbivu bila kuombwa. Wanunuzi walikuwa chini, wakinunua vifuniko vya simu.

Mke wangu alipanda siku ya kwanza akishika ukuta, akipumzika kila baada ya ngazi chache, na alipofika juu alikaa kwenye ndoo akatazama mbele, bila kunitazama. Hakulalamika. Angelalamika ningepumzika. Siku zilizofuata alianza kubaki chini, pale ngazi zinapoanza, na mafungu mawili matatu kwenye sinia. Wengine wakamfuata. Askari wa kaunti wakaja kuwarudisha juu, wakasema sehemu ile ni ya kupita. Ikawa hivyo: askari wakija, mizigo inapanda. Askari wakienda, mizigo inashuka. Na mbebaji wa mizigo ya mke wangu alikuwa nani? Alikuwa mwenyekiti.

“Angalia mzee wetu,” mama wa omena alikuwa akiwaambia wateja nikipita na mkungu wa ndizi begani. “Alisomea hii kazi.”

Nilikuwa nacheka, kwa kuwa mtu afanyeje. Lakini jioni mke wangu alipokuwa akilikanda goti lake kwa maji ya moto, akidhani nimelala kwenye kiti, sikucheka. Siku hizo alikuwa ameanza kuniambia kwamba labda amezeeka, labda aache tu kuuza. Alilisema kwa sauti ndogo, mwisho wa maongezi, baada ya habari za watoto na za mvua. “Ni wazo dogo tu,” akasema.

Mimi si mashine. Nililisikia.

Haikupita muda afisa akarudi, sasa kufanya tathmini. Alikuja na simu yake mkononi, tayari kurekodi, akatukuta pale chini ya ngazi. Alitusalimu kwa adabu. Akina mama wakaanza kujipanga, na mmoja nilimsikia akisafisha koo na kusema “Kwanza kabisa.” Mama wa omena akainua mkono.

“Ngoja,” akamwambia afisa. “Kabla hujarekodi, mpelekee huyu mama ndizi zake juu. Mzee amechoka leo.”

“Mimi?”

“Una mikono?”

Yule msichana alicheka, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumwokoa, akakosa. Akaweka simu mfukoni. Tukamwinulia mkungu begani. Alipanda na vile viatu vyake, akiyumba, utomvu wa ndizi ukimchora mgongoni, na katikati alisimama. Mke wangu alimfuata nyuma polepole, akishika ukuta, si kwa ajili ya kumwonyesha, ila kwa kuwa ndizi zake zilikuwa zinaondoka. Mimi nikafuata nyuma ya mke wangu, kama kawaida ya siku hizo.

Juu hapakuwa na mtu. Meza zote zile nzuri, na joto. Afisa alishusha mkungu, akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akavua kiatu kimoja. Alimtazama mke wangu akipanda zile chache zilizobaki, akiweka mguu mzima kwanza na kuuvuta ule mwingine baadaye, mpaka akafika.

“Mama, kwa nini hamkusema?”

Mke wangu alinigeukia. Hakuninyooshea kidole, ni mwanamke wa heshima.

“Walisema,” nikajibu. “Mimi ndiye niliyewafunza wasisikike.”

Afisa akavaa kiatu chake, akatoa simu. “Basi tusemeni tena. Shida kwanza, mama. Shukrani ikibaki nafasi.”

Mke wangu aliishika simu kama anayeshika kuku wa mtu. Midomo yake ilifanya umbo la hamjambo. Akajizuia. “Ngazi,” akasema. Akanitazama, akaendelea. “Goti langu haliwezi ngazi. Wateja hawapandi. Mboga inakauka kwa sababu ya mabati. Tunataka chini.” Akavuta pumzi, na nikaiona asante ikija, lakini msichana alikuwa ameshabonyeza kitufe.

Chini, mama wa omena alirekodi pia. Sikuwa karibu na simu. Nilikuwa nimesimama mbali, mikono nyuma.

Hatukupewa chini, kwa kuwa chini palikuwa pameshagawanywa, na vijana wa simu nao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kusema walichotaka. Tulipewa veranda ya mbele, upande wenye kivuli cha asubuhi, kwa muda. Katika lugha ya kaunti “kwa muda” ni neno linaloweza kunizika mimi. Akina mama walitandika magunia yao yale yale ya konani, na wanunuzi wa jioni wakarudi kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Mke wangu alichagua nafasi iliyo karibu na nguzo ya kuegemea, na mama wa omena akaweka gunia lake hapo hapo, pembe ikigusa pembe.

Baadaye ripoti mpya ilibandikwa ofisi ya wadi. Nilikwenda kuisoma kwa miwani. Ilisema kwamba kutokana na uchanganuzi wa kina, mfumo umebaini kuwa ngazi ni kikwazo kwa wafanyabiashara wenye umri mkubwa. Mfumo ukapendekeza veranda. Habari ya mkungu wa ndizi haikuwepo. Sikuona ajabu. Nilifanya kazi serikalini, najua kwamba anayebeba mzigo na anayetajwa kwenye ripoti huwa hawakutani.

Kulibaki jambo moja, na sitaliita dogo. Nilikwenda verandani asubuhi moja, kabla ya wateja kuwa wengi, nikasimama mbele ya gunia la omena.

“Mama,” nikaanza, “kwanza nakushukuru kwa ujirani mwema wa miaka mingi, wewe na watoto, na jinsi ulivyomsaidia mama huyu wakati wa…”

“Mzee,” akasema, bila kuinua kichwa, akimfungia mtu omena kwenye gazeti. “Shuka.”

Nikashuka. “Nilikufuta sauti yako. Haikuwa yangu kuifuta.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Ungesikika, wasingepelekwa juu.”

“Labda.” Akampa mteja mzigo wake, akajipangusa mikono. “Labda wangesema mama wa omena ni mkali, wakaendelea. Mimi nimesema huku miaka yote hii na mmenicheka.” Akachota kopo, akalijaza mpaka likamwagika, akanifungia. “Chukua. Na usinishukuru.”

Nyumbani kwetu omena haikuwahi kupikwa. Si kwa ubaya. Tulisema tu kwamba hatujazoea, na hilo nalo ni jina dogo la kitu fulani. Jioni ile mke wangu aliichambua, akaiosha, akaikaanga na nyanya na kitunguu jinsi alivyoelekezwa, akaiweka mezani na ugali. Akakaa mbele yangu, goti lake limenyooshwa juu ya kigoda.

“Baba,” akaniita, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kwa mara ya kwanza tangu lile duara la kijani. “Ikoje?”

Nilimeza. “Kwanza,” nikasema, “nashukuru kwa…”

Akaweka tonge lake chini, akaningoja.

“Chumvi imezidi,” nikasema.

“Ndiyo,” akasema, akivuta bakuli upande wake. “Hata mimi nimeona.”